Waridi Lililopauka Ishiara

Nyumbani kwa kina Kinya, pale Ishiara, maji hayakumwagwa ovyo. Yaliyoosha mboga yaliosha sufuria, yaliyosuuza nguo yalipigia sakafu deki, na mwishowe, yakiwa yamechoka kabisa, yalipelekwa kwa mimea. Kazi hiyo ya mwisho ilikuwa ya Kinya. Kila jioni alipotoka shuleni alivua sare, akala ndengu zilizobaki mchana, kisha akachukua kopo na kuanza mzunguko wake. Alianza na sukuma wiki, akaenda kwenye mpapai, na mwisho akafika kwenye mawaridi mawili ambayo Mama aliyapenda kuliko kuku wake wote.

Waridi moja lilipandwa ardhini kando ya lango. La pili lilikuwa ndani ya ndoo iliyopasuka, karibu na mlango wa jikoni. Machi ilikuwa imeingia na jua lake lisilo na huruma, lakini mawaridi hayo yalikuwa yameshika, yakatoa majani, na sasa kila moja lilikuwa na tumba lililokaribia kufunguka.

"Leo vipi?" Mama aliuliza kutoka jikoni.

"Bado, Mama."

"Litakuja tu. Utaiona hiyo rangi, mtoto wangu. Damu ya mzee kabisa! Watu wa hapa watasimama langoni wakidhani tuna harusi."

Kinya aliinama akajifanya anang'oa magugu, ingawa hapakuwa na gugu hata moja. Kila Mama alipoitaja rangi ile, alitafuta kitu cha kuinamia.

Ili umwelewe Kinya, ni lazima kwanza ulijue waridi lenyewe. Nyanya yake, aliyeishi Kiirua, alikuwa na mti wa waridi uliopandwa na marehemu Babu Kiunga nyuma ya nyumba. Maua yake yalikuwa mekundu ya kuiva, karibu yawe meusi. Katika familia hiyo, kila binti aliyeolewa alipewa kipandikizi, yaani kijiti cha kwenda kupanda kwake. Na hakuna aliyeruhusiwa kukata ila Nyanya mwenyewe, kwa kisu chake kimoja chenye mpini wa mti. "Tawi la kuiba halishiki," alizoea kuwaambia wajukuu waliousogelea mti ule. "Na likishika, halikumbuki kwao."

Dada zake Mama walipewa vipandikizi vyao zamani. Mama, ambaye alikuwa kitinda mimba, hakupewa. Alipoolewa na mtu wa Mbeere, Nyanya alisema Ishiara ni jua tupu na waridi litakwenda kufa bure. Huenda alikuwa akisema habari za waridi tu. Lakini Mama aliyasikia maneno hayo kwa namna nyingine: kwamba binti aliyetoka kwenye baridi akaenda kuolewa jotoni, hana fungu tena kwao. Aliyameza maneno hayo miaka mingi, akicheka anaposimulia, lakini kicheko chenyewe hakikufika machoni.

Basi Desemba, Kinya alipokwenda Kiirua kwa Krismasi, Nyanya alimfurahisha bila kutarajiwa. Asubuhi ya safari ya kurudi, kukiwa na ukungu mzito, alichukua kisu chake akakata vijiti viwili, akavifunga kwa jani la mgomba lenye udongo wa unyevu.

"Mpelekee mama yako," alisema. "Nimekata viwili. Kimoja kikikataa, kingine kitashika. Mwambie nimekata kwa mkono wangu."

Kinya aliweka mfuko kwenye benchi la varanda, akaenda kuwaaga binamu zake. Aliporudi alikuwa akicheka, hakutazama, akaketi juu ya mfuko. Alisikia sauti ndogo: ka! Kijiti kimoja kilikuwa kimevunjika katikati kama njiti ya kiberiti.

Roho ilimruka. Angeweza kwenda jikoni akamwambia Nyanya, "Cucu, nimekivunja," na mambo yangeisha kwa kukaripiwa kidogo. Badala yake alizunguka nyuma ya nyumba mbio, akapapasa ndani ya ukungu, akashika tawi la kwanza lililogusa mkono wake, akalinyonga hadi likakatika. Miiba ilimchana vidole. Kijiti kilichovunjika alikitupa ndani ya shimo la takataka. Alipokuwa tayari ameshafunga mfuko ndipo alipokumbuka kwamba kule nyuma, mti wa Babu ulikuwa umeshikana matawi na waridi jingine la pinki, ambalo shangazi yake, mke wa mjomba aliyeishi pale, alilileta kutoka kwa rafiki. Je, alikuwa amenyonga tawi la mti gani? Hakujua. Desemba hakukuwa na ua hata moja la kumwonyesha, kwa sababu Nyanya alikuwa amepogoa yote mawili.

Alipofika Ishiara, Mama alifungua jani la mgomba polepole, akavishika vile vijiti kwa mikono miwili.

"Cucu amekata mwenyewe?"

"Amekata mwenyewe," Kinya alijibu.

"Vyote viwili?"

"Vyote viwili."

Mama alikipanda cha Nyanya langoni, bila kujua ni kipi, na kile cha wizi akakitia ndani ya ndoo. Kinya peke yake ndiye aliyejua tofauti, kwa ile ncha iliyonyongwa.

Sasa hapo ndipo mambo yalipoanza kumchanganya. Waridi la ndoo lilifunguka kwanza. Halikuwa jekundu. Lilikuwa la pinki iliyofifia, kama kitambaa kilichofuliwa mara nyingi mno. Kinya alilitazama akajua moja kwa moja: tawi la kuiba halikumbuki kwao. Au alikuwa amenyonga mti wa shangazi. Vyovyote vile, kosa lilikuwa lake na lilikuwa limechanua mbele ya mlango wa jikoni, watu wote walione.

Lakini siku chache baadaye waridi la langoni nalo likafunguka. Nalo lilikuwa la pinki ileile iliyofifia.

Kinya alisimama na kopo lake mkononi. Hili lilikatwa na Nyanya! Alimwona kwa macho yake, kisu kikipita kwenye tawi. Kama wizi ndio uliopausha lile la ndoo, hili la halali limepaushwa na nini? Au wizi ni kama homa, mmoja akiumwa humwambukiza jirani yake?

Mama alikuja akasimama nyuma yake. Aliligeuza ua kwa kidole.

"Kumbe amenipa la shangazi yako," alisema polepole.

"Hapana, Mama. Nilimwona akikata ule mti wa Babu."

"Ulimwona kwenye ukungu." Mama alifuta mikono kwa leso ingawa haikuwa na maji. "Dada zangu wote wana damu ya mzee. Mimi nimepewa la pinki. Vyote viwili, Kinya. Kingekuwa kimoja ningesema amekosea."

Kinya aliinamia kopo lake. Angesemaje? Kuhusu la langoni alikuwa na ukweli, kuhusu la ndoo alikuwa na uongo, na vyote viwili vilikuwa vimefungwa ndani ya jani moja la mgomba. Hangeweza kutoa kimoja bila kingine kudondoka.

Kila Jumapili baada ya kanisa, Mama alizoea kumpigia Nyanya simu, wakazungumza Kimeru hadi ugali ukaungua. Jumapili ile hakupiga. Iliyofuata simu ililia, Mama akaitazama juu ya meza mpaka ilipochoka ikanyamaza. Kinya alisikia uchungu kama aliyemeza jiwe, kwa maana alijua ni nani aliyelitia jiwe hilo ndani ya chakula.

Jirani yao Mugendi, waliyesoma naye Gredi ya Saba, alikuwa na majibu ya kila kitu. Aliegemea lango akalichunguza ua kama daktari.

"Si sabuni hii?" alisema. "Wewe unanyunyizia maua maji ya kufulia. Sabuni inatoa madoa kwa shati. Kwani rangi ya ua itabaki?"

"Mbona sukuma wiki haijapauka? Nainyunyizia maji hayo hayo."

Mugendi alikuna kichwa. "Labda sukuma ni ngumu."

Hata hivyo Kinya alishika neno lake kama mtu anayezama. Kwa majuma kadhaa alichota maji safi ya kisima kwenye mtungi wa kunywa, kwa siri, akalinyunyizia waridi la langoni peke yake, na lile la ndoo akaliachia maji ya kufulia. Matumba mapya yalikuja. Yakafunguka. Lililokunywa maji safi lilikuwa la pinki iliyofifia, na lililokunywa sabuni lilikuwa la pinki iliyofifia. Faida pekee ya majaribio hayo ilikuwa kwamba Baba alishangaa ni nani anayekunywa maji mengi kiasi hicho.

Basi Kinya alichuma ua moja akampelekea Mwalimu Njiru, aliyewafundisha kilimo. Alimkuta chini ya paa la karakana akikarabati jembe. Alimweleza kila kitu: mti wa Kiirua, vijiti viwili, maji ya sabuni, maji safi. Karibu kila kitu.

Mwalimu aligeuza ua mkononi. "Hapo umenishika," alisema. "Sijui."

Kinya hakuwa amewahi kusikia mwalimu akisema hivyo, na alichanganyikiwa zaidi.

"Usishangae. Kuuliza si ujinga, na kutojua si aibu. Hebu tufikiri pamoja. Ukipanda mbegu, unapata mtoto, na mtoto anaweza kufanana na baba au mama au nyanya. Lakini ukipanda kijiti, hupati mtoto. Unapata mti uleule, umehamia tu nyumba nyingine. Unafuata?"

"Ndiyo, Mwalimu."

"Ndani ya kila mmea kuna maagizo madogo sana, tunayaita jeni. Ni kama maagizo ya upishi. Jeni za waridi lenu zinasema: pika rangi nyekundu iliyoiva. Kijiti kikitoka mti huo, kinakuja na maagizo yote. Hakuna linalobaki nyuma."

"Kwa hivyo kijiti hakiwezi kusahau kwao?"

Mwalimu alicheka. "Hakiwezi. Hata ukitaka kisahau."

"Hata kama... hata kama aliyekikata si mwenyewe?"

Mwalimu aliacha kucheka akamtazama. "Kijiti hakijui mkono uliokikata. Mbona? Si umesema vyote vilikatwa na nyanya yako?"

"Ndiyo," Kinya alisema haraka, akatazama viatu vyake.

Mwalimu hakumsukuma. Alifuta mikono, akaendelea. "Sasa, maagizo ni jambo moja na mpishi ni jambo lingine. Pale Kiirua ni baridi. Huku kwetu wakati huu joto ni la kukaangia karanga. Nimewahi kusoma kwamba ile rangi nyekundu ya maua haipendi joto. Mmea huipika kidogo tu, na hata kile kidogo kilichopikwa huharibika upesi. Ona waridi jeupe la pale kanisani. Limekuwa jeupe wakati wa baridi na wakati wa jua, kwa sababu halina maagizo ya kupika rangi nyekundu. Lenu, kama ninafikiri sawa, lina maagizo ila mpishi ameshindwa na jua."

"Kwa hivyo ni joto?"

"Ninadhani. Lakini kudhani si kujua. Shule zikifungwa mwezi ujao, lipandishe lile la ndoo hadi Kiirua. Likichanua huko likiwa jekundu, tutajua ni joto. Likichanua pinki ileile, basi ni tawi la mti mwingine, na mama yako atakuwa amesema kweli."

Lile la ndoo! Kati ya yote mawili, ndilo hilo hasa ambalo Kinya hakutaka lipimwe.

"Mwalimu, kwa nini tusilipeleke la langoni?"

"Limeshika ardhini. Ukiling'oa litakufa. La ndoo ndilo la safari."

Mama hakukataa. Alilitazama lile waridi ndani ya ndoo yake iliyopasuka, akasema maneno yaliyomchoma Kinya kuliko miiba ya Desemba. "Lipeleke. Mrudishie mwenyewe ua lake."

Kiirua kulikuwa na mvua na baridi ya kuvaa sweta mbili. Nyanya alimlaki mjukuu wake, akaitazama ndoo, akatazama njia nyuma yake kana kwamba kuna mtu mwingine anayekuja.

"Mama yako ni mzima?"

"Ni mzima, Cucu."

"Mbona hashiki simu?"

Kinya alisema mtandao wa Ishiara ni mbaya. Ulikuwa uongo wa tatu, au wa nne, alikuwa amepoteza hesabu. Waridi lilikuwa na tumba moja dogo kama punje ya mahindi. Waliliweka varandani, mahali penye mwanga, na kila asubuhi Kinya alikuwa wa kwanza kulitazama.

Alijikuta anafanya hesabu ya ajabu. Tumba likifunguka jekundu, hakuna mtu duniani atakayejua alichofanya. Mama atafurahi, Nyanya atafurahi, na siri itazikwa milele. Likifunguka pinki, ameumbuka. Aliomba liwe jekundu. Kisha akajiuliza kama anamwomba Mungu amsaidie kuficha uongo, na hapo hata sala yenyewe ilimchanganya akalala bila kusema amina.

Majuma mawili yalipita hivyo. Asubuhi moja walikuwa wakimenya viazi jikoni, mvua ikipiga mabati, Nyanya akaweka kisu chini ghafla.

"Najua si mtandao," alisema. "Ni mdomo wangu. Alipoolewa nilisema Ishiara ni jua tupu. Nilikuwa nalia kwa sababu anaenda mbali, nikasema hivyo. Sasa nimempa waridi, nafikiri amekumbuka yale maneno. Ameona ni kama namkejeli." Alipangusa jicho kwa ncha ya leso. "Mtu akizeeka ndipo maneno yake ya zamani yanamrudia moja moja."

Kinya aliacha kumenya. Nyanya alikuwa anajilaumu. Kule Ishiara Mama alikuwa ana uchungu, na huku Nyanya alikuwa analia, na katikati yao palikuwa na mtu mmoja tu aliyeshika kisu cha viazi na kunyamaza. Hakungoja ua. Alipiga moyo konde.

"Cucu, si wewe. Ni mimi."

Alisema yote. Jinsi alivyokalia mfuko. Jinsi alivyonyonga tawi kwenye ukungu. Jinsi Mama alivyouliza, "Vyote viwili?" naye akajibu. Jinsi maua yote yalivyotoka ya pinki, hata lile la halali, na Mama akaamini kwamba mama yake mzazi amemnyima.

Nyanya alishika tena kisu chake, akamenya mpaka sufuria ikachemka.

"Kwa hivyo ni wewe," alisema mwishowe. "Niliona tawi limeraruliwa. Nikasema ni mbuzi wa jirani yetu Murungi. Nilikwenda hadi kwake nikamgombeza mtu mzima mbele ya wageni wake. Mbuzi amefungwa kamba tangu Januari, hajui hata kosa lake."

Kinya alitaka kucheka na kulia kwa pamoja. Akalia.

"Utakwenda kwa Murungi wewe mwenyewe," Nyanya alisema. "Utamwomba radhi. Na mbuzi pia, ukipenda. Lakini kwanza twende unionyeshe."

Walivaa mabuti wakaenda nyuma ya nyumba. Kovu la tawi lilionekana, limekauka, lenye nyuzi. Nyanya alilifuata shina lake kwenda chini, akainama, akasukuma majani. Matawi ya miti miwili yalikuwa yamesokotana kama nywele ambazo hazijachanwa, na miiba ilikuwa imejaa kila mahali. Aliinuka akishika kiuno.

"Siwezi kuapa," alisema. "Linaweza kuwa la Babu yako. Linaweza kuwa la shangazi. Itabidi ua liseme lenyewe."

Alasiri hiyo Kinya alikwenda kwa Mzee Murungi, akarudi masikio yakimwaka. Mbuzi alifunguliwa.

Mama alikuja kumchukua Kinya shule zilipokaribia kufunguliwa. Hakuwa amesema atakuja. Aliingia uani na mwavuli wake, akamsalimu Nyanya kwa heshima, mikono miwili, lakini kwa sauti ya mtu aliyefika kwa wageni. Kisha akaiona ndoo varandani, na hapo hapo akasimama.

Tumba lilikuwa limefunguka usiku uliopita. Petali chache za nje, zile zilizoanza kuumbwa Ishiara, zilikuwa bado zimepauka kidogo. Lakini kadiri ulivyoingia ndani, rangi ilizidi kuiva, na katikati lilikuwa damu ya mzee kamili, karibu liwe jeusi.

"Hili ni lile la ndoo?" Mama aliuliza.

"Ni lile lile, Mama. Ndoo yako ile yenye ufa." Kinya alisogea karibu. "Lakini kabla hujafurahi, nina neno." Akamweleza mamake yote tena, na mara hii ilikuwa vigumu zaidi, kwa sababu Mama hakunyamaza kama Nyanya.

"Miezi yote hii!" Mama alisema. "Ulikuwa unaniona, Kinya. Simu inalia, unaniona. Ningemzika mama yangu siku moja nikiamini amenichukia, kwa sababu ya kijiti?"

"Nilidhani ua limepauka kwa sababu niliiba. Kisha na lile la Cucu likapauka, sikuelewa tena. Sikujua niseme nini."

"Ungesema ulichojua."

Mvua ilikuwa imepungua. Nyanya aliwaletea chai, akaketi kati yao, akalivuta lile waridi karibu na magoti yake.

"Kwa hivyo tawi la kuiba linakumbuka kwao," alisema. "Nimewadanganya watoto miaka mingi na msemo wangu."

"Mwalimu Njiru anasema kijiti hakijui mkono uliokikata," Kinya alisema kwa sauti ndogo. "Maagizo yake yamo ndani, popote kiendapo. Ni joto tu lililozuia rangi kuiva, kwa yote mawili."

"Mwalimu wako anasema kweli. Hata hapa, mwaka ule wa kiangazi kirefu, mti wa Babu ulitoa maua yaliyofifia, nikadhani unakufa." Nyanya alimgeukia mjukuu wake, akamshika kidevu ili watazamane. "Sasa sikiliza. Uliogopa ua litakusema. Halikukusema. Halijui lolote kuhusu wizi wala uongo. Linajua baridi na joto, basi. Lingeweza kuchanua jekundu siku ya kwanza, na wewe bado ungekuwa umeniibia na kumdanganya mama yako. Ndiyo maana ilikuwa lazima useme wewe. Ukweli hauna mdomo mwingine ila wako."

Kinya aliitikia kwa kichwa. Hakuwa amechanganyikiwa tena, ila aliona haya, na haya hiyo ilikuwa safi zaidi kuliko ile hofu.

Mama alikuwa akizungusha kikombe mikononi. "Na mimi ningeuliza," alisema, bila kumtazama mtu. "Ningepiga simu moja tu, nikauliza, 'Mama, umenipa waridi gani?' Nikaona ni heri ninyamaze."

"Na mimi ningesema nalia," Nyanya alisema, "badala ya kusema jua." Kisha akamtazama binti yake kuanzia viatu hadi kitambaa cha kichwa, jicho likicheka. "Hata wewe Ishiara imekubadilisha. Umekonda, jua limekuchoma, na siku hizi unaongea Kimeru kama Mmbeere. Lakini nilipokuona langoni sikuuliza ni mtoto wa nani."

Mama alicheka, na mara hii kicheko kilifika machoni. Kisha akalia kidogo, na hakuna aliyemzuia.

Walipoondoka, Nyanya alitaka kubaki na ndoo. "Liache hapa kwenye baridi. Huko litafifia tena."

"Acha lififie," Mama alijibu, akiikumbatia ndoo kifuani, miiba na yote. "Najua ni la nani."